Sigara ya Umeme Nyumbani kwa Askari: Ipimwe Kabla ya Kupokewa

Kwa miaka mingi sigara ilihesabiwa kuwa mwenzi wa askari. Ilikesha naye lindoni, ilimtuliza njaa safarini, na katika majeshi mengi iligawiwa pamoja na chakula. Jeshi la Marekani liliendelea kutia sigara ndani ya vifurushi vya chakula cha vitani mpaka mwaka 1975, ndipo likaacha. Kwa hiyo si ajabu kumkuta askari aliyetimiza miaka 15 au 20 kazini, mkakamavu na mwenye nidhamu kamili, ambaye huamka alfajiri kwa kikohozi na hawezi kunywa chai kabla ya kuvuta sigara yake ya kwanza.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kimetokea kifaa kitakachomwondolea moshi bila kumwondolea utamu aliouzoea, ni haki yake kukitazama. Kifaa chenyewe ni sigara ya umeme, ambayo vijana huiita "vepu". Haina jani la tumbaku wala moto wa kiberiti. Inachemsha maji yenye dawa ya nikotini, na mvutaji akavuta mvuke wake. Aina inayowavutia zaidi mafundi na vijana ni ile inayofungulika kipande kwa kipande: sanduku la betri upande wa chini, tangi la kioo upande wa juu, na mwenyewe akachagua nguvu ya umeme, waya wa kuchemshia, ladha na kiasi cha nikotini kama apendavyo.

Kifaa cha aina hiyo hakipaswi kusifiwa wala kulaaniwa kabla ya kupimwa. Na hakipimwi kwa ukubwa wa wingu la mvuke kinalotoa, kama wafanyavyo wauzaji wake. Kinapimwa kwa nyumba kitakamokaa.

NYUMBA YA MFANO

Na ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya sajini mmoja katika mtaa wa Atlabara, mjini Juba, mtaa ambao wapenzi wa kandanda katika Afrika Mashariki wanaujua kwa klabu yenye jina hilohilo. Nyumba ina vyumba viwili vilivyoezekwa kwa mabati. Anakaa humo sajini, mkewe, watoto wanne na mama mzazi wa sajini. Mtoto mdogo kabisa ana umri wa miaka miwili na bado anatia mdomoni kila anachookota. Umeme unatoka katika sola ndogo, na siku nyingine kwa jenereta ya jirani. Sajini anavuta pakiti moja ya sigara kwa siku, na shemeji yake aliyerudi kutoka ng'ambo amemletea zawadi: sanduku la betri lenye kioo cha tarakimu, tangi, chupa mbili za maji ya ladha ya embe na koili tano za akiba.

Sajini amefurahi. Mama yake ameuliza kama kitu hicho ni dawa au ni ulevi. Mke hakusema neno, bali amechukua zile chupa mbili zenye picha ya embe na kuziweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Mzee na mkwewe, kila mmoja kwa njia yake, wameanza upimaji vizuri.

ASILI YA KIFAA

Wazo la kuvuta mvuke badala ya moshi si jipya. Mmarekani Herbert A. Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1963, akaipata mwaka 1965, lakini hakupata kiwanda cha kuitengeneza. Sigara ya umeme ya siku hizi ilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake aliuawa na saratani ya mapafu. Kwa hiyo kifaa hiki kilizaliwa kwa nia ya kumwokoa mvutaji. Yaliyofuata, yaani ladha za peremende, rangi za kupendeza na mashindano ya kutoa mawingu, yaliongezwa na biashara.

Tofauti kati ya moshi na mvuke ni ya kweli. Tumbaku inapoungua hutoa lami inayoganda mapafuni, na hutoa hewa ya kaboni monoksidi inayonyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Sigara ya umeme haichomi jani, na kwa sababu hiyo haitoi lami hiyo wala hewa hiyo kwa kiasi cha sigara. Lakini mvuke wake si mvuke wa maji ya sufuria. Umechanganyika na glisarini, propilini glaikoli, manukato ya ladha na nikotini. Koili ikipata moto kupita kiasi, viowevu hivyo huvunjika na kutoa sumu kama fomaldehaidi na akrolini, zinazowasha koo na kudhuru mapafu.

KUPIMA TANGI

Tangi ndilo sehemu inayohifadhi maji na kuyafikisha kwenye koili. Lina kioo, pete za mpira za kuzuia uvujaji, matundu ya hewa, kinywa cha kuvutia, na ndani yake koili ya waya iliyozungukwa na pamba. Pamba hunywa maji, waya huipasha moto, na mvuke hupanda.

Jambo la kwanza la kutazama ni ukubwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni iliyopitishwa mwaka 2014 iliweka mipaka: tangi lisizidi mililita 2, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 katika kila mililita. Mipaka hiyo iliwekwa ili ajali ikitokea, sumu iliyomwagika iwe chache. Matangi yanayouzwa kwingineko aghalabu yana mililita 5 au zaidi, na muuzaji huyasifu kwa kuwa hayahitaji kujazwa mara kwa mara. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili, sifa hiyo ni kasoro.

Jambo la pili ni uvujaji. Maji haya hulainika na kuwa mepesi yanapopata joto, na Juba ni mji wa joto. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufikia nyuzi 45, na mwezi Februari 2025 ilizifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia. Tangi lisilovuja katika duka lenye kiyoyozi linaweza kuvuja ndani ya mfuko wa shati chini ya paa la bati. Njia rahisi ya kulijaribu ni kulijaza, kulilaza ubavu juu ya karatasi nyeupe mahali pa juu ambapo mtoto hafiki, na kulitazama baada ya usiku mmoja. Karatasi ikiwa na doa, pete za mpira zimechoka au hazikukaa sawa. Anayelisafisha doa hilo avae mfuko wa plastiki mkononi, kwa maana nikotini hupenya ngozi.

Jambo la tatu ni mlango wa kujazia. Tangi zuri lina mlango ambao mtoto hawezi kuufungua, kwa mfano ule unaotaka kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja. Tangi linalofunguka kwa kuvutwa tu lisikae ndani ya nyumba yenye watoto.

KUPIMA BETRI NA KOILI

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kifaa kinachochezewa na mwenyewe. Betri nyingi za masanduku haya ni za lithiamu, za aina iitwayo 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Betri hiyo moja ikijaa chaji ina volti 4.2. Mkondo wa umeme unaotoka ndani yake hutegemea ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu. Hesabu yake ni nyepesi: gawa volti kwa omu, upate ampea.

Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4 na hutoa wati 35 hivi. Hilo betri nzuri hulimudu. Koili ya omu 0.2 huvuta ampea 21, na hapo betri nyingi zimefika ukingoni. Koili ya omu 0.1, wanayoipenda washindani wa mawingu, huvuta ampea 42. Betri nyingi za ukubwa huo hazikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Huchemka ndani, huvimba, na huweza kulipuka kama fataki.

Sanduku lenye kompyuta ndogo ya kulinda huzima lenyewe linapoona mkondo umezidi au waya zimegusana. Lakini yapo masanduku yasiyo na ulinzi wowote: ni bomba la chuma, betri na kitufe. Hayo yasinunuliwe na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Nchini Marekani, katika jimbo la Florida mwaka 2018 na katika mji wa Fort Worth, Texas, mwaka 2019, watu wawili waliuawa na vifaa vya namna hii vilivyolipuka usoni wakati wa kuvuta. Vifo hivyo ni vichache vikilinganishwa na idadi ya vifaa duniani, lakini majeraha ya kuungua mapaja, mikono na midomo ni mengi kuliko vifo.

Paja linatajwa kwa sababu. Betri iliyotiwa mfukoni pamoja na sarafu au funguo hupatanishwa ncha zake na chuma hicho, ikaunguza nguo na nyama kwa dakika moja. Mfuko wa askari unaweza kuwa na kitu kibaya kuliko funguo, nacho ni risasi. Betri ya akiba ikae peke yake ndani ya kibweta cha plastiki. Ganda lake la nje likichanika, hata kidogo, betri hiyo imekwisha kazi.

Chaji nayo ina kanuni zake. Itumike chaja iliyotengenezwa kwa kifaa hicho. Mwenye nyumba awe macho, asiwe amelala. Na kifaa kisiwekwe kitandani, juani, wala karibu na dumu la petroli ya jenereta. Umeme wa jenereta unaopanda na kushuka huharibu chaja za bei nafuu, na chaja iliyoharibika huijaza betri kupita kipimo. Ikiwa betri itaanza kutoa moshi, watoto watolewe nje kwanza, umeme wa chaja ukatwe, kisha yamwagwe maji mengi kwa mbali. Asiikamate mtu kwa mkono.

KUPIMA MAJI YA CHUPA

Mvutaji hupata kiasi cha miligramu 1 mpaka 2 za nikotini kutoka katika sigara moja. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 kwa kila mililita ina miligramu 200. Nyingine zina miligramu 50 kwa mililita, na hizo zilikusudiwa vifaa vidogo vyenye nguvu ndogo. Mtu akizitia katika tangi kubwa la wati 60, atameza mapafuni nikotini nyingi kwa mkupuo: kichwa kizunguke, jasho limtoke, atapike.

Kwa mtu mzima hayo ni mateso ya saa chache. Kwa mtoto ni mauti. Mwezi Desemba 2014, katika mji mdogo wa jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kunywa maji haya, na kifo hicho kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2016 inayolazimisha chupa zake kuwa na kizibo ambacho mtoto hawezi kukifungua. Chupa yenye picha ya embe na harufu ya embe humwita mtoto kwa jina lake. Ndiyo maana mke wa sajini alifanya vyema kuzipandisha juu ya kabati, ingawa kabati lenye kufuli lingekuwa bora zaidi.

Dalili za sumu ya nikotini kwa mtoto ni kutapika, mate kumchuruzika, kupauka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kisha kulegea au degedege. Mtoto asilazimishwe kutapika. Ngozi yenye maji hayo ioshwe kwa maji mengi, nguo zivuliwe, na apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe ili daktari asome kipimo. Kwa mkazi wa Atlabara, mahali pa kukimbilia ni Hospitali Kuu ya Mafunzo ya Juba. Kusubiri "tuone kwanza" ni kosa.

Chupa isiyo na maandishi ya kiwanda, kipimo cha nikotini na tarehe isinunuliwe, hata ikiwa nafuu. Hayo yalidhihirika Marekani katika mwaka 2019, ambapo watu waliokuwa wazima walianza kufika hospitali wakiwa hawawezi kupumua. Mpaka Februari 18, mwaka 2020, walihesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walivuta maji yenye kilevi cha bangi yaliyonunuliwa mitaani, na ndani yake wauzaji walikuwa wamezimua kwa mafuta ya vitamini E, ambayo ni chakula kizuri tumboni na ni sumu mapafuni.

JE, KINAMTOA MVUTAJI KATIKA SIGARA?

Hili ndilo swali la mama mzazi: dawa au ulevi? Jibu la haki ni kwamba kinaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, kwa kutegemea namna kinavyotumiwa.

Mwaka 2019 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu walipewa sigara ya umeme, na nusu walipewa dawa za kawaida zenye nikotini kama vile ubani na plasta. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 100 waliotumia sigara ya umeme, 18 walikuwa wameacha sigara. Upande wa pili walikuwa karibu 10. Ushindi huo ni wa kweli, lakini una mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, wote walikuwa wakionana na mshauri kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. La pili, katika wale waliofaulu kwa sigara ya umeme, 80 kati ya 100 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha, na kwa wale wa ubani na plasta walikuwa 9 tu. Walitoka katika moshi. Hawakutoka katika nikotini.

Shirika la Afya Duniani limekuwa na tahadhari. Mwezi Desemba 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka dhidi ya sigara za umeme, hasa kwa ajili ya kuwakinga watoto. Katika mwongozo wake wa Julai 2024 kuhusu kuacha tumbaku, lilipendekeza ushauri nasaha pamoja na dawa nne: zile zenye nikotini, vareniklini, bupropioni na sitisini. Sigara ya umeme haimo katika orodha hiyo. Dawa zenye nikotini, ubani na plasta, zimo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, kwa hiyo mganga wa kambi akiulizwa juu yake haulizwi jambo la anasa.

Hatari kubwa kuliko zote kwa mtu kama sajini ni kuvuta vyote viwili: mvuke nyumbani, sigara kazini. Anayefanya hivyo hupumzisha dhamiri yake na si mapafu yake, kwa maana sigara chache kwa siku bado zinadhuru moyo kwa kiasi kikubwa.

KUPIMA MFUKO

Zawadi ni bure kwa siku ya kwanza tu. Koili huungua baada ya wiki moja au mbili hivi, na pamba iliyoungua hutoa ladha ya moshi mchungu ambayo haivumiliki. Koili za tangi moja mara nyingi haziingii katika tangi la jina jingine. Betri hupungua nguvu, kioo huvunjika, na maji hwisha. Kadiri wati zinavyoongezwa ndivyo maji yanavyonywewa: kifaa kidogo cha wati 12 kinaweza kutosheka na mililita 3 kwa siku, lakini tangi kubwa la wati 60 au zaidi humaliza chupa ya mililita 10 kwa siku moja au mbili.

Basi mke na mume wakae na karatasi. Upande mmoja waandike bei ya pakiti moja ya sigara mara siku 30. Upande wa pili waandike bei ya koili mbili mpaka nne, chupa za mwezi, na sehemu ya bei ya betri. Kisha waulize swali ambalo wengi hulisahau: vipuri hivyo vitapatikana wapi? Sehemu kubwa ya bidhaa za madukani Juba huja kwa malori kupitia Nimule, katika barabara ya kilomita 192 iliyokamilika kwa lami mwaka 2012. Koili ya aina fulani ikikosekana, sigara haikosekani; inauzwa moja moja kwenye kibanda cha pembeni. Siku ambayo koili ya mwisho itaungua ndiyo siku ambayo sajini atarudi kwenye pakiti yake, isipokuwa awe amejiandaa mapema.

SHERIA NA SAFARI

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na askari na familia zao husafiri sana kati ya nchi za jirani kwa mafunzo, matibabu na shule za watoto. Yafaa wajue kwamba sheria za jirani hazifanani. Uganda, kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 iliyoanza kufanya kazi mwezi Mei 2016, imekataza kuingiza, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za umeme, na vilevile shisha. Ethiopia ilikataza biashara ya vitu hivyo kwa sheria ya mwaka 2019. Kenya nayo inaviacha viuzwe na kuvitoza ushuru. Kwa hiyo ndugu anayemwagiza ndugu yake wa Kampala amtafutie koili na chupa anamwomba avunje sheria, na kwa mtu aliyeapa kuilinda sheria aibu yake ni mara mbili.

Katika ndege, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilielekeza mwaka 2015 kwamba sigara za umeme zisiwekwe katika mizigo inayokwenda chini ya ndege, kwa sababu betri ikiwaka humo hakuna wa kuizima. Abiria hukaa nayo mkononi, wala haruhusiwi kuivuta wala kuichaji ndani ya ndege.

KAMBINI NA LINDONI

Majeshi makubwa yamekwisha kulitafakari jambo hili. Mwezi Aprili 2017 jeshi la wanamaji la Marekani lilitangaza kupiga marufuku vifaa hivi ndani ya meli zake, nyambizi na ndege kuanzia mwezi Mei mwaka huohuo. Sababu iliyotolewa haikuwa mapafu bali betri: zilikuwa zimelipuka na kuwajeruhi mabaharia. Kinachokatazwa katika meli ya chuma hakistahili kuingizwa katika ghala la silaha, bohari ya petroli au gari lililobeba risasi. Na lindoni usiku, taa ya kioo cha tarakimu huonekana kwa mbali kama ionekanavyo ncha ya sigara, na wingu jeupe lenye harufu ya embe humtangaza mlinzi kwa kila mwenye pua.

Nyumbani, kanuni ni moja tu na mtaa wenyewe umeibeba katika jina lake. Kwa Kiarabu cha Juba, "atla bara" ni kumwambia mtu atoke nje. Avutaye, awe anavuta moshi au mvuke, atoke nje, mbali na chumba cha mtoto, mama mjamzito na mzee mwenye pumu.

HUKUMU YA KIFAA

Baada ya vipimo vyote, hukumu inaweza kutolewa kwa watu watatu mbalimbali.

Kijana ambaye hajapata kuvuta sigara asikiguse kifaa hiki. Hakuna ugonjwa alionao ambao kitamponya, na nikotini itampa mmoja. Wazazi wanaoona kijana wao na kitu kama kalamu nene au sanduku dogo lenye kinywa wasidhani ni kichezeo.

Mvutaji wa siku nyingi ambaye bado hajajaribu njia nyingine aanze kwa mganga: ushauri, ubani au plasta, na tarehe ya kuacha. Mwili hauchelewi kumlipa. Ndani ya saa 12 tangu sigara ya mwisho, kaboni monoksidi katika damu hurudi katika kiasi cha kawaida, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo itokanayo na sigara hupungua kwa nusu.

Mvutaji aliyejaribu njia hizo akashindwa, na ambaye sheria ya nchi alipo haimkatazi, anaweza kutumia mvuke kama ngazi ya kushukia. Lakini ngazi hiyo iwe fupi na nyepesi: kifaa kidogo kilichofungwa kiwandani, chenye ulinzi wa betri, nguvu ndogo na tangi lisilozidi mililita 2. Aache sigara zote siku ileile, asichanganye. Apunguze kipimo cha nikotini kila baada ya wiki kadhaa. Na siku ya mwisho iandikwe ukutani ambapo mke na watoto wanaiona.

Kwa vipimo hivyo, sanduku kubwa alilopewa sajini halifai kwa nyumba yake. Si kwa sababu ni bovu. Huenda ni zuri kwa fundi anayekaa peke yake katika mji wa baridi, wenye umeme usiokatika na duka la vipuri kila pembe. Lakini joto la paa lake, umeme wa jenereta yake, mfuko wake wenye risasi na mikono ya mtoto wake wa miaka miwili vyote vinalikataa. Shemeji ashukuriwe kwa nia yake njema, betri zitolewe ndani ya sanduku, na chupa mbili za embe zifungiwe mpaka zitakapokabidhiwa kwa mfamasia wa hospitali aziharibu. Naye sajini, kesho yake asubuhi kabla ya gwaride, apite kwa mganga wa kikosi na kikohozi chake kilekile, akamwambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anataka kuacha.